Nilisoma Wainaina mbele ya watu 14 hapa Goma, wakacheka wawili tu. Kosa liko wapi?

#1 Mwana_Birere
Wakubwa kwa wadogo, salamu.

Jumamosi tulikuwa na kikao chetu cha kusoma, uani kwa rafiki yetu kule Himbi, na zamu ilikuwa yangu. Nikapeleka Binyavanga Wainaina, yule Mkenya mzaliwa wa Nairobi, na lile andiko lake la kuwafundisha watu namna ya kuandika kuhusu Afrika, lililompa tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Wiki nzima nimekesha nalitafsiri kwa Kiswahili, maana nusu yetu Kiingereza hakipandi.

Kwa ambao hawajalisoma: jamaa anajifanya mwalimu wa waandishi wageni. Kwenye jalada usiweke Mwafrika aliyetulia na maisha yake, labda awe ameshinda Nobel. Weka bunduki, mbavu, matiti wazi. Bara zima lichukulie kama nchi moja. Watu wanaopika, wanaopendana, watoto wanaokwenda shule wakiwa wazima, hao usiwaguse kabisa. Wanyama ndio uwape akili na tabia. Ukifika mwisho, mlete Mandela aseme neno la upinde wa mvua.

Nikilisoma peke yangu nacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Jumamosi nimesoma, watu 14 wananitazama kama nasoma tangazo la kukatwa umeme. Wamecheka wawili. Wengine kimya, na karibu wote ni watu ambao jambo lenyewe linawahusu: madereva wa mashirika, wakalimani, mpiga picha mmoja. Nilidhani hao ndio wangeanguka chini.

Kosa ni la tafsiri yangu, la Wainaina, au letu?

#2 Kalamu_Nyekundu
Kabla ya kicheko, tunyooshe mambo. Wainaina alizaliwa Nakuru, 18 Januari 1971. Nairobi ndiko alikofia, Mei 2019. Tuzo ya Caine alipata 2002 kwa andiko jingine, la safari ya kurudi nyumbani. Hili unalolisema lilitoka 2005 katika jarida la Granta la Uingereza. Kama uliwatangulizia utangulizi huo, labda walinyamaza kwa adabu.

#3 Katuba_Mbili
Ba Goma! Kila kintu kwenu ni kikao. Bantu banatoka kazi siku ya mposho, beko na njaa, weye unabasomea mambo ya Bangereza. Batacheka na nini, mudogo?

#4 Mwana_Birere
@Kalamu_Nyekundu aksanti, nimepokea. Nairobi na Caine nilivichanganya, ni kweli.
@Katuba_Mbili nyinyi wa Lubumbashi hata Jumamosi mmeipa jina la mgao wa unga wa kampuni ya shaba. Miaka sitini na zaidi ya uhuru bado mnaiita mposho. Usinifundishe njaa.

#5 Katuba_Mbili
Mgao ulikuwa unafika, lakini 😂

#6 Mwalimu_Himbi
Mimi nilikuwepo, na nilikuwa mmoja wa waliocheka wawili, kwa hiyo nina haki ya kusema. Kosa ni la tafsiri, ila si maneno. Ni ile sauti.

Ulisoma "weka", "usiweke", "hakikisha". Kwa Kiswahili chetu cha hapa, mtu akisimama mbele ya viti vya plastiki akaanza na "hakikisha", hiyo ni formasyo, semina ya mafunzo. Watu wa Goma wamekaa kwenye formasyo ngapi? Za kunawa mikono, za jinsia, za mikopo, za kutatua migogoro. Mwili wenyewe unajua la kufanya: unatulia, unatoa kalamu. Mwana_Birere, hukuwaona wale madereva wawili nyuma? WALIKUWA WANAANDIKA. Mmoja aliniuliza baadaye kama kuna cheti.

Kejeli ya Kiswahili haitembei hivyo. Mtu akitaka kumpiga mwenzake kijembe anazunguka, anamsifu, anaongea na kuku wakati mwenye ujumbe amekaa pembeni. Mama mkwe hasemi "umepika vibaya", anasema "mwanangu leo maji yamekolea kwelikweli".

#7 Mwana_Birere
Walikuwa wanaandika?? Mungu wangu. Nilidhani wamevutiwa.

#8 Kadutu_Juu
Bukavu tunawasalimu. Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapana. Hata ungeisoma kwa mafumbo ya bibi yako isingechekesha, kwa sababu ile si barua yetu. Wainaina mwenyewe alieleza ilikotoka. Granta walikuwa wametoa toleo zima kuhusu Afrika mwaka 1994. Alipolisoma baadaye lilimkera, akawaandikia barua pepe ndefu ya hasira. Mhariri akaja kuomba waichapishe. Yaani ule ni ugomvi wa mtu na jarida fulani la London. Wewe umechukua ugomvi wa nyumba ya jirani ukausoma kwa watu wasiomjua hata mke wala mume. Wacheke nini?

Anayecheka pale ni msomaji wa Granta, anayecheka huku akijikuna kwa sababu na yeye aliwahi kuandika hivyo.

#9 MamaSambaza
Wanangu mnatumia akili nyingi. Mimi nina mgahawa karibu na bandari ndogo, nimesoma mliyoyaandika hapa nikamwomba binti yangu anitafutie andiko lenyewe anisomee. Nimecheka toka mstari wa tatu. Hamjaona ni kitu gani?

Ni namna ya kupika. Twaa hiki, tia kile, usizidishe hiki, pamba juu, pakua. Mbavu kiasi, jua jekundu likizama, Mandela juu kama kotmiri. Ndivyo mtu anavyomfundisha msichana wa kazi ambaye kesho ataharibu sufuria. Mwana_Birere, ungesema "twaa" na "tia" badala ya "hakikisha", hata wale madereva wangeelewa kwamba ni chakula kibaya kinachopikwa.

#10 Kalamu_Nyekundu
Mama, hilo sikuwahi kulifikiria na nimelisoma mara kumi. Na ukweli uko upande wako: kabla ya kujulikana alikaa Afrika Kusini miaka mingi, akifanya kazi ya kupikia watu kwenye shughuli na kuandika magazetini habari za chakula. Wasifu wake husema alikusanya mapishi zaidi ya 13,000 ya Kiafrika.

#11 MamaSambaza
Elfu kumi na tatu! Mwanaume! Hapa kwangu tunajua kama kumi, na matatu ya hayo ni sombe, majani ya muhogo.

#12 Kadutu_Juu
Mama, sambaza za Goma, hao dagaa wa ziwani, mnazikausha mno, ndiyo maana mapishi hayafiki kumi na moja.

#13 MamaSambaza
Ziwa ni moja, mwanangu. Mikono ndiyo tofauti.

#14 Fiksa_Mstaafu
Nilikuwepo pia, nilikaa karibu na tanki la maji. Kwanza hatukuwa 14, tulikuwa 13. Mwana_Birere amehesabu na mtoto wa mama wa chai.

Mimi ni mmoja wa waliokaa kimya. Nieleze.

Miaka sita nimekuwa fiksa wa waandishi wa nje. Dola 150 kwa siku, hali ikichafuka 200. Mwandishi anashuka na begi, mimi natafuta gari, ruhusa, mtu wa Kihunde, mtu wa kuhojiwa, na chakula kisichomharibu tumbo. Siku moja tuko kambini upande wa Mugunga na mpiga picha. Kuna msichana, miaka saba hivi, kavaa sweta ya manjano. Mpya, bado ina mikunjo ya dukani mabegani. Shangazi yake alimletea toka Butembo. Amesimama ndani ya ile sweta namna mtu anavyosimama kanisani siku ya Pasaka, mikono mbali kidogo na mwili asije akaichafua.

Mpiga picha akatazama kioo cha kamera, akaniambia rangi hii inaharibu picha, mwombe mama amvue.

Nikatafsiri. Lakini sikusema rangi inaharibu picha. Nilisema, "Mama, anaomba mtoto avue kidogo, asije akasikia joto." Joto lenyewe halikuwepo, mawingu yalikuwa mpaka kwenye miguu ya Nyiragongo. Mama akamvua, akaikunja vizuri, akaibana kifuani mpaka tulipoondoka. Picha ikatoka. Mtoto ana baridi, amejikumbatia. Chini yake wameandika kwamba familia zile zilikimbia bila nguo.

Sasa Jumamosi nasikia "weka mbavu". Nicheke wapi? Uongo wa joto ni wangu, kwa Kiswahili safi kabisa. Wainaina amewataja wote pale, mwandishi, mtoto mwenye njaa, tembo, mtumishi mwaminifu. Mkalimani amemsahau.

#15 Mwana_Birere
Kaka, mbona hukusema siku ile?

#16 Fiksa_Mstaafu
Chai ilikuwa imefika.

#17 Mwalimu_Himbi
Pole, ndugu yangu. Nafuta kidogo ya kwangu ya #6, siifuti yote. Wale wawili waliandika kweli.

#18 Katuba_Mbili
Na kazi uliacha juu ya ile sweta?

#19 Fiksa_Mstaafu
Hapana. Niliacha kwa sababu ya mgongo. Barabara ya Masisi.

#20 Kadutu_Juu
Basi nami naongeza: anayeweza kuicheka ile karatasi ni yule asiye na fungu ndani yake. Goma nusu ya mji inakula kwenye ile picha. Nyumba za Himbi zimepangishwa na nani? Gari nyeupe zinaendeshwa na nani? Nenda pale kwenye mzunguko wa chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, penye ile sanamu ya dhahabu. Mgeni anapiga picha ya chukudu ya mbao inayoshuka na viazi, moshi wa volkano nyuma, na kijana wa chukudu ameshajua bei ya kupigwa picha. Yeye ndiye mhariri.

#21 Mwana_Birere
Wewe wa Bukavu unasema kana kwamba kwenu mashirika hayakupanga nyumba. Muhumba imejaa nani?

#22 Nakuru_Damu
Hamjambo wana Kivu. Nimeletwa hapa na rafiki. Mimi ni wa Nakuru, na kinachoniuma ni kwamba mnafanya kama dunia nzima ilivyofanya: mtu aliandika maisha yake yote, mnamfunga kwenye kurasa chache alizoziandika akiwa na hasira. Mwenyewe ilimchosha. Kila mwandishi wa kigeni alimtumia maandishi yake akiomba baraka, kana kwamba amekuwa ofisi ya kupiga muhuri.

Huyu ndiye aliyetumia ile tuzo ya 2002 kama mtaji wa kuanzisha jarida la Kwani? pale Nairobi, toleo la kwanza 2003, ndani Kiingereza, Kiswahili na Sheng vinagombania kiti. Mwaka uleule hadithi ya Yvonne Owuor iliyotoka humo ikashinda Caine, na inamhusu Mnyarwanda aliyekimbilia Nairobi. Mwaka 2007 waliotaka kumweka kwenye orodha ya viongozi vijana wa dunia, wale wa mkutano wa Davos, aliwakatalia. Kitabu cha maisha yake kilitoka 2011, na humo kuna utoto mzima: baba mkuu wa bodi ya pareto, mama mwenye saluni mjini, na mtoto anayesikia lugha asizozijua kama kelele za ajabu mpaka akazipa jina lake mwenyewe.

Na jambo la kwenu hasa: mama yake alitoka Kisoro, Uganda. Lile andiko la tuzo linaishia huko, familia nzima ikikusanyika kwa babu na bibi mwishoni mwa 1995. Kisoro na Bunagana ya mpakani kwenu mnajua wenyewe ni hatua ngapi.

#23 MamaSambaza
Kisoro! Viazi vyangu vinatoka huko. Na pareto babu yangu alilima, milimani kule Rutshuru. Tulikuwa tunaitandaza ikauke, mikono inanuka wiki.

#24 Mwana_Birere
Sasa hilo jina Binyavanga ni la huko? Mimi nilidhani ni Kikikuyu.

#25 Mdogo_wa_Mlinzi
Kwa Kinyarwanda na Kifumbira, lugha ya Kisoro, kuvanga ni kuchanganya. Mtu anayevangavanga ni wa kuchanganya mambo. Ukoo wa mamake ndio ulilitoa.

#26 Kalamu_Nyekundu
Mpishi, mwandishi wa safari, mhariri, mtu wa kejeli. Wazee wa Kisoro waliona mbali.

#27 Mwalimu_Himbi
Au ni majina tu. Mimi jina langu maana yake ni mvua na nilizaliwa kiangazi.

#28 Kadutu_Juu
Nakuru_Damu, karibu. Lakini usitupe mtakatifu. Huyu huyu alikwenda kusini mwa Sudan, kule Yei, akaandika kitabu kuhusu ugonjwa wa malale, na alikuwa na mpiga picha mgeni. Wagonjwa, kijiji, kamera. Sasa tofauti yake na mteja wa Fiksa ni nini? Pasipoti?

#29 Nakuru_Damu
Tofauti ni kukaa na watu mpaka uwasikie wakitaniana. Kwake mgonjwa ni mtu.

#30 Kadutu_Juu
Na picha?

#31 Nakuru_Damu
Picha ni picha 😅

#32 Fiksa_Mstaafu
Mkalimani wake alikuwa nani?

#33 Katuba_Mbili
Sasa munisikilize, nasema Kiswahili cha wote. Mnatafuta Mkenya wa kuwacheka wazungu wakati sisi tulishaianza kazi hiyo kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1965 hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mzee André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya boi wa zamani. Ndiyo, mabwana, boi. Watumishi wa nyumbani. Waliopiga pasi na kubeba sahani, wakaangalia. Kaandika kwa Kiswahili chetu cha hapa, hakuna cha sanifu, hakuna aya, maneno yanakwenda kama mtu anaongea barazani, na mzungu ndiye anayeangaliwa: anakula nini, anampiga nani, analipa ngapi. Halafu nenda kwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji. Picha kama mia za historia ya nchi hii, 1973 na 1974, na kila picha ameieleza kwa mdomo. Na Mufwankolo na kundi lake la maigizo, watu walicheka mpaka wakalia, kwa Kiswahili, redioni na jukwaani. Hakuna aliyeandika "hakikisha".

#34 Mwana_Birere
Mzee wa Katuba, hapo umenishika. Lakini niulize kwa heshima: nani alichapisha Yav? Nani alinunua zile picha mia?

#35 Katuba_Mbili
Johannes Fabian, mwanaanthropolojia.

#36 Mwana_Birere
Mzungu.

#37 Katuba_Mbili
Mzungu anayesema Kiswahili cha Katuba, lakini!

#38 Kalamu_Nyekundu
Kwa usahihi: kitabu cha Yav Fabian alikitoa 1990, maneno ya Kiswahili yamo yote kama yalivyopigwa chapa na wenyewe. Na Tshibumba haonekani tena tangu miaka ya 1980 kuanza. Hajulikani alikoishia.

#39 Siku_Njema_Keshero
Mimi Wainaina nilimwacha 2014 alipojitangaza kwamba anapenda wanaume wenzake. Sina haja ya kumsoma mtu wa namna hiyo kwenye kikao cha vijana.

#40 Nakuru_Damu
Lile andiko la 2014 amelielekeza kwa mama yake aliyekwisha kufa, anamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia akiwa hai. Alilitoa siku alipotimiza miaka 43. Msome kwanza, ndugu. Ukimaliza mchukie kwa sababu zako.

#41 Msimamizi
Hapa tunazungumza maandishi. Machapisho manne yameondolewa. Tuendelee.

#42 Mdogo_wa_Mlinzi
Nirudi kwa wanyama, nimekuwa nikisita. Kaka yangu ni mlinzi wa hifadhi ya Virunga. Ndakasi alipokufa 2021 kule Rumangabo, yule sokwe yatima aliyepiga selfi na mlinzi, dunia ililia. Alikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, tabia, mlezi aliyemfia mikononi. Na mimi nililia, sijifichi, maana nilimwona akiwa mdogo. Walinzi waliouawa katika hifadhi ile wamepita 200. Nitajieni majina matano.

Kwa hiyo Wainaina kwenye wanyama alisema kweli. Lakini ningekuwepo Jumamosi nisingecheka, na nisingependa mtu acheke karibu yangu. Mshahara wa kaka unatoka kwa watu wanaomlilia Ndakasi.

#43 MamaSambaza
Mungu amlinde kakako, mwanangu.

#44 Kadutu_Juu
Naona #20 yangu inashinda.

#45 Mwalimu_Himbi
Haishindi. MamaSambaza anauza chakula kwa madereva wa mashirika hao hao na alicheka toka mstari wa tatu. Fungu analo.

#46 MamaSambaza
Wananilipa mwisho wa mwezi, ndiyo maana nacheka. Nisipocheka nitalia.

#47 Kalamu_Nyekundu
Swali dogo. Mwalimu ni mmoja wa waliocheka. Wa pili ni nani? Kama si dereva, si mkalimani, si mpiga picha.

#48 Fiksa_Mstaafu
Mtoto wa mama wa chai. Nilikuwa karibu naye. Aliposikia kwamba tembo wapewe akili na watu wasipewe, akaangua kicheko mpaka akamwaga sukari, mama yake akamchapa. Halafu akaniuliza kama tembo naye anakwenda shule, na karo analipiwa na nani.

#49 Mwana_Birere
Basi nilimhesabu sawa! Tulikuwa 14.

Jumamosi hii nasoma ile ya Kisoro, saa nane, palepale. Nimeanza kutafsiri upya, hakuna "hakikisha" hata moja. Mwalimu alete viti viwili. Fiksa asikae karibu na tanki, linavuja. Mdogo_wa_Mlinzi karibu, ukipenda uje na kaka yako.

#50 Katuba_Mbili
Kutakuwa mposho?